Uzi Mwekundu kwenye Sketi ya Wilhelmina

Nansio, Ukerewe
8 Juni 2024

Shangazi Evelina,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na cherehani yako nayo ni nzima. Sisi hapa hatujambo. Baba anasema goti limepungua maumivu. Bibi anakusalimu sana. Amekuanikia michembe ya viazi vitamu, ataituma kwa meli akipata mtu wa kumwamini, maana mara ya mwisho ilikufikia nusu. Anauliza pia, kama anavyouliza kila likizo, mbona Evelina haji. Nilimwambia una kazi nyingi. Akaendelea kuigeuza michembe juani.

Ninakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu ni ya Baba, na Baba akiongea hufungulia spika nyumba nzima isikie. Neno hili sitaki alisikie bado.

Shangazi, Julai sitarudi shule.

Nitakueleza kwa utaratibu, kama Mwalimu Odeta wa Kiswahili anavyotufundisha: kwanza chanzo, kisha tukio, kisha athari. Chanzo ni kwamba mwezi wa Mei niligombea ukiranja wa taaluma. Tulikuwa wawili, mimi na Wilhelmina Masalu, tuliye naye kidato kimoja. Niliandaa hotuba ya kurasa mbili na niliikariri yote. Tukio ni hili: nilisimama mbele ya shule nzima, nikamaliza hoja zangu, na mwisho nikasema kwa sauti kubwa, "Kwa hiyo, ndugu zangu, naomba kula zenu."

Unaujua ulimi wetu wa huku. Nyumbani hakuna anayesikia tofauti. Pale Wilhelmina akasema kutoka kwenye kiti chake, "Jamani, mgombea ana njaa. Mpeni ugali." Walicheka, Shangazi, hata walimu waliinama kuficha nyuso.

Athari: mchana huo bwaloni wasichana walipita mezani kwangu mmoja mmoja, na kila mmoja akaacha kipande cha ukoko kwenye sahani yangu. "Mheshimiwa, kula yangu hii hapa." "Na yangu hii, Mheshimiwa." Sahani ilijaa. Tangu siku hiyo naitwa Mheshimiwa Kula.

Kesho yake niliondoa jina langu. Mkuu wa shule akasema mgombea mmoja si uchaguzi, akaahirisha kura hadi Septemba, na nafasi yangu akaiacha wazi nikibadili mawazo. Sitabadili. Naomba unipokee dukani kwako nijifunze kushona.

Ni mimi mwanao,
Hellen


Mabatini, Mwanza
17 Juni 2024

Hellen mwanangu,

Marahaba. Mimi ni mzima, cherehani ndiyo mgonjwa. Msimu wa sare umefika, na wazazi wote wamekumbuka wiki hii hii kwamba watoto wao wana miili. Mpe kaka yangu pole ya goti. Mwambie Mama michembe nitaipokea, na mwaka huu nitajitahidi kuja. Mwambie hivyo tu, nitajitahidi.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nililia. Mara ya pili nilicheka, nisamehe, pale kwenye ugali. Huyo mtoto ana mdomo! Mara ya tatu nikakasirika, na hasira yenyewe bado imenikaa kooni kama mwiba wa sato.

Nafasi dukani hakuna. Mimi hapa nikisema "mkasi umerara wapi" wateja hawajali, lakini wewe hukuzaliwa uje kupiga pasi marinda ya watoto wa watu.

Sasa sikiliza. Sketi mpya za kidato chenu, zile za rangi ya damu ya mzee, kazi nimepewa mimi. Juzi kaja mama mmoja wa Mirongo, mpole, kaniletea vipimo vya binti yake. Kila kitambaa naandika jina, kwa hiyo nikauliza jina. Akasema: Wilhelmina Masalu.

Nikaliandika kwa herufi kubwa.

Upo mshono ambao fundi huushona kwa muda tu, kabla ya mshono wa kweli. Unalegeza uzi wa chini, unashona kwa hatua ndefu, unaacha ncha inaning'inia. Kwa macho ni mshono kama mwingine. Ukiivuta ile ncha, uzi unatoka wote kama mtu anayeng'oa kiazi na mizizi yake, na kitambaa kinaachia kutoka pindo hadi kiunoni. Hivyo ndivyo nitakavyoshona nyuma ya sketi ya mgombea mwenzako. Ncha nitaiweka ya uzi mwekundu, pindoni, upande wa kushoto. Kwenye damu ya mzee haionekani ila kwa anayejua, na atakayejua ni wewe peke yako.

Lakini uzi huo hauvutwi na mtu aliyeko Nansio.

Nijibu upesi. Sketi inachukuliwa tarehe 28.

Shangazi yako,
Evelina


Nansio
22 Juni 2024

Shangazi Evelina,

Shikamoo. Barua yako ilifika imelowa kona moja, lakini maneno yote yalisomeka. Baba amekwisha kununua madaftari yangu. Jana alikaa ukumbini anayajalidia kwa gazeti, moja moja, na kila moja aliandika jina langu kwa kalamu ya kijani. Sikuweza kumtazama. Bibi ameshiba samaki wa jirani na anaimba.

Nimelifikiria jambo lako siku mbili. Najua imeandikwa kwamba kisasi ni cha Mungu. Nimeona pia kwamba Mungu mara nyingi ametumia watu.

Nitarudi shule.

Nataka Wilhelmina asimame mbele ya watu wale wale, ukumbi ule ule, akose pa kujificha. Nataka aisikie ile sauti ya watu wengi wakicheka kwa pamoja, jinsi inavyokuja kutoka nyuma na kukupita kichwani. Sitaki aumie mwili. Nataka asahau hotuba yake.

Nina swali moja. Baba anasema ulikuwa wa kwanza darasani, tena kwa mbali, na ukaishia Kidato cha Pili. Nilipomwuliza sababu alisema, "Muulize mwenyewe. Sisi alituambia amechoka." Shangazi, ulichoka nini?

Mwanao,
Hellen


Mabatini
29 Juni 2024

Hellen mwanangu,

Marahaba. Salamu zote zimefika, na michembe safari hii imefika yote. Mwambie Mama ni mitamu.

Sketi ilichukuliwa jana. Mama yake aliigeuza ndani na nje, akasema, "Fundi, mkono wako ni dhahabu." Nikasema asante.

Ya kwako nimekutumia pamoja na barua hii. Sasa shika masharti. Usivute siku ya kwanza, kisasi cha siku ya kwanza ni cha mtoto anayenyonya. Mwache aivae, aizoee, aipende. Wewe rudisha jina lako kwa mkuu wa shule. Siku atakayosimama kuomba kura, kaa nyuma yake.

Halafu ulimi. Kila asubuhi, kabla hujala kitu, sema mbele ya kioo: "Kura si kula, na anayerudi halali." Ncha ya ulimi ipande juu nyuma ya meno, itetemeke. Nimemuuliza mwalimu mmoja mteja wangu. Kumvua mtu nguo halafu ukapanda wewe kuomba kula itakuwa aibu yetu sote.

Kuhusu lile swali lako, wino unaniishia.

Shangazi yako,
Evelina


Bwenini, Ilemela
14 Julai 2024

Shangazi Evelina,

Shikamoo. Mimi ni mzima na sketi yangu imenikaa vizuri. Baba alinisindikiza mpaka getini akiwa na lile goti lake, akaniambia, "Soma, mama," basi, akageuka.

Siku ya kwanza ilikuwa kama nilivyotarajia. Nilipoingia bwenini, Nusrat alipiga kelele kutoka kitanda cha juu, "Mheshimiwa Kula amerudi! Likizo umeshiba?" Wote wakacheka. Zamani ningetoka nje. Lakini Wilhelmina alikuwa amesimama dirishani amenipa mgongo, na kwenye pindo lake, upande wa kushoto, niliuona. Ni mdogo kama mguu wa sisimizi. Nikamjibu Nusrat, "Bado. Nasubiri Septemba." Wakanyamaza, maana hawakujua nina maana gani.

Siwezi kukueleza raha ya kunyamaza kwao. Tangu siku hiyo ninalala usingizi wote. Ninakula. Darasani nanyoosha mkono. Wakicheka, natazama ule uzi, na kicheko chao kinakuwa kitu kidogo kinachopita. Mwalimu Odeta aliniambia, "Hellen, wengine likizo inawalaza. Wewe imekuamsha." Sikumwambia kilichoniamsha.

Jina langu nimelirudisha. Wilhelmina alisikia, akasema mbele ya watu, "Safi. Safari hii tutakupikia kabisa." Halafu jioni aliniazima bikari yake bila mimi kumwomba. Nilikasirika kuliko alipocheka.

Kioo hatuna, nafanyia mazoezi kwenye dirisha la maktaba.

Mwanao,
Hellen


Bwenini
18 Agosti 2024

Shangazi Evelina,

Shikamoo. Umekaa kimya mwezi mzima. Siku ya wazazi alikuja Baba peke yake na machungwa ya nyumbani. Alisema ulimpigia simu kwamba umebanwa na kazi. Nilidhani msimu wa sare umepita.

Nina wasiwasi. Wilhelmina anafua ile sketi kila Jumamosi, na anaipiga kwenye jiwe. Wiki iliyopita aliruka mtaro, nikafumba macho, lakini haikuachia. Je, mshono ni mzima? Je, uzi hauozi kwa sabuni?

Nitakiri jambo. Kuna siku naiona sura yake sketi ikiwa imemwachia mbele ya watu, na nakaribia kumwambia. Basi naikumbuka ile sahani. Wiki ya kwanza ilinitosha kuikumbuka mara moja kwa siku. Sasa inabidi niikumbuke mara nyingi zaidi.

Uchaguzi ni Septemba 13. Tafadhali nijibu. Na lile swali langu la Juni bado liko pale pale.

Mwanao,
Hellen


Mabatini
1 Septemba 2024

Hellen,

Marahaba. Sikuugua na wala sina kazi nyingi. Nimekuwa naandika barua na kuzichana.

Mshono nimeushona mimi. Hautaachia kwa kuruka mtaro. Kaa nyuma yake, kama tulivyosema. Ulimi je?

Evelina


Bwenini
15 Septemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Leo sianzi na habari za nyumbani.

Tulikaa jukwaani kwenye benchi. Wilhelmina aliitwa kwanza, akasimama hatua moja mbele yangu, sketi yake iko karibu na goti langu. Alizungumza vizuri. Alipofika mwisho akasema, "Naomba kurrra zenu," akaikaza ile r hivyo hivyo, akanigeukia, na ukumbi wote ukacheka. Kilikuwa kicheko kile kile cha Mei. Nilikitambua kama mtu anavyotambua mlango wa kwao.

Nikainama kama ninayefunga kamba ya kiatu. Nikaishika ncha. Nikavuta.

Uzi ulitoka, Shangazi. Ulitoka wote. Ulikuwa na urefu wa kiganja. Na sketi ikabaki pale pale, imenyooka, rinda kwa rinda.

Wilhelmina akatazama chini, akauona uzi kwenye kidole changu, akaninong'oneza, "Asante. Huo uzi umenisumbua tangu Julai."

Asante! Miezi mitatu nimelala nao, nimekula nao, nimesali juu yake, na mwisho wake nimempunguzia Wilhelmina usumbufu.

Wakaita jina langu. Nilikuwa na hasira na wewe kiasi kwamba nilisahau kuogopa. Hotuba yangu niliiacha kwenye benchi. Uzi nilikuwa nimeuzungusha kidoleni mpaka ncha ya kidole imekuwa nyeusi. Mtu mmoja nyuma akasema, "Mheshimiwa, karibu mezani!" Nikasema, na haya ndiyo maneno yangu kama yalivyotoka:

"Asante, Zakia, nimeijua sauti yako. Mwezi wa Mei niliomba kula, mkanipa. Kila aliyeniwekea ukoko namkumbuka kwa jina. Wewe, Nusrat. Wewe, Zakia, ulipita mara mbili. Sijasahau hata mmoja, na sina mpango wa kusahau. Kiranja wa taaluma lazima awe na kumbukumbu. Mkinichagua, kila aliyeweka ukoko nitamwamsha mwenyewe kwenda kujisomea asubuhi, na mtasoma mpaka mtamani mngeniwekea nyama. Leo sina njaa. Leo naomba kura."

Ilitoka, Shangazi. Ile r ilitetemeka, na mimi mwenyewe niliisikia. Zakia akaanza kucheka, na wote wakamfuata, lakini safari hii kicheko hakikunipita kichwani. Kilikuja mpaka mkononi mwangu.

Nimeshinda. Wilhelmina alinipa mkono. Sikuutaka, lakini niliupokea.

Furaha yangu haijakamilika, kwa sababu wewe ulinidanganya. Nataka jibu la hili, na la lile swali la Juni. Usiniambie tena kwamba wino umeisha. Ndani ya bahasha nimekuwekea kalamu.

Hellen


Mabatini
29 Septemba 2024

Hellen mwanangu, Kiranja wa Taaluma,

Marahaba, na hongera. Niliisoma barua yako nimesimama, mteja mmoja ananisubiri, nikamwambia kama ana haraka aende. Kalamu imefika. Haya.

Sikukudanganya moja kwa moja. Ile sketi niliishona vile vile nilivyokuahidi. Nikaiweka mezani, nikavuta ncha nijaribu. Ikaachia yote, na ikatoa mlio. Mlio ule, Hellen, nilikuwa nimeusikia mara moja tu maishani.

Mwaka 2002, Kidato cha Pili. Sare ya dukani haikuwezekana, kwa hiyo Mama alinishonea sketi kwa mkono, kwa uzi wa nyavu, kutokana na pazia alilolitia rangi. Aliishona jioni tatu. Nikaitwa mbele ya shule kupokea zawadi ya hisabati. Nikapiga goti kumsalimu mgeni, ikachanika nyuma yote. Uzi wa Mama haukukatika, nataka ulijue hilo. Pazia ndilo lilikuwa limechoka.

Waliniita Pazia mpaka likizo ya mwezi wa sita. Nikaenda likizo, nikasema nimechoka, sikurudi. Mama hajui mpaka leo. Kila nikimwona ameshika sindano sijui niangalie wapi. Ndiyo maana siji. Usimwambie.

Kwa hiyo niliufumua mshono wa huyo mtoto, nikaushona upya mara mbili. Ukivutwa na ng'ombe wawili hautoki. Uzi mwekundu niliupachika pindoni peke yake, haujashika kitu, maana nilijua bila huo usingerudi. Nilitaka uwe na kitu cha kushika unapoingia getini. Mimi sikuwa nacho.

Usidhani nimekuwa mtakatifu. Mmoja wa wale walioniita Pazia ananiletea sare za wanawe kila mwaka. Hanikumbuki. Kila mwaka namchelewesha siku tatu, na watoto wake wanakwenda shule na sare za zamani, akija hapa ananiomba, "Dada, tafadhali." Namwambia uzi umeisha. Ni kisasi kidogo lakini ni changu, na sijawahi kukijutia, ila mwaka huu mtoto wake mdogo alikuja naye, akawa anavuta sketi yake ya zamani ifike magotini.

Nimeandika mengi. Sasa wino umeisha kweli.

Shangazi yako,
Evelina


Bwenini
13 Oktoba 2024

Shangazi Evelina,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Mimi sijambo. Nusrat na Zakia nawaamsha kila asubuhi kama nilivyoahidi, na wananilaani kwa majina yote isipokuwa lile la zamani. Wilhelmina hakuniwekea ukoko, nimekumbuka vizuri, yeye alisema tu. Kwa hiyo simwamshi. Anaamka mwenyewe na kunikuta pale, na hilo linamkera zaidi.

Barua yako niliisoma maktaba, karibu na lile dirisha. Nimekusamehe nusu. Nusu iliyobaki nailipiza, na nitakueleza kwa utaratibu.

Chanzo ni kwamba Mwalimu Odeta anajitolea jioni kufundisha watu wazima pale Mabatini, mtaa wa pili kutoka dukani kwako, wale wanaojiandaa na mtihani wa maarifa ili wafike Kidato cha Nne. Tukio ni kwamba nilimwomba fomu, akanipa, na nimeijaza. Jina lako nimeandika kamili. Tarehe ya kuzaliwa nilimwuliza Baba. Kwenye "sababu ya kuacha masomo" nimeandika: likizo. Pa saini nimeacha wazi.

Athari ni hii. Bibi aliniandikia kwa mkono wa Baba, akauliza tena mbona Evelina haji. La pazia sikumwambia, hilo utamwambia mwenyewe siku utakayotaka. Nilimjibu tu kwamba Evelina anarudi shule Januari. Baba anasema alipiga vigelegele, akaenda nayo kanisani, mchungaji akaitangaza, na sasa Nansio nzima inajua. Huwezi kukataa, Shangazi. Ukikataa, utamweleza Bibi sababu.

Madarasa yanafunguliwa Januari 13. Desemba nitapita dukani tukavuke wote na meli, upumzike wiki mbili nyumbani, maana mtu hatakiwi kurudi shule akiwa amechoka. Tulinunue na daftari lako mapema. Baba ataomba kulijalidia, mwachie.

Sare hawavai, lakini najua utajishonea sketi. Ndani ya bahasha kuna ule uzi mwekundu, nimeuosha. Upachike pindoni, upande wa kushoto. Wakikucheka, unajua pa kushika.

Mwanao,
Hellen